Hema Lisilochimbiwa Shimo

Mimi ni fundi wa maturubai hapa Majengo, Mpanda, na watu wananifahamu kwa mambo mawili: mshono wangu haufumuki na mdomo wangu haufungiki. Ukiona turubai la harusi au la msiba kuanzia hapa mjini hadi Sitalike, ama nimelishona ama nimelitia kiraka. Kwa hiyo Rosine aliponiletea mchoro wa hema lisilo na nguzo wala kigingi, hema la kusimama kwa upepo, nilimwambia ampelekee mwenye zile bembea za kupuliza zinazoletwa uwanjani wakati wa Krismasi. Mimi Bernadetha nashona maturubai, sishoni vichekesho.

Hakuondoka. Rosine ni binti wa watu wa Kasekese, Warundi kwa asili, aliyesomea uchoraji wa majengo Dar es Salaam na sasa anachorea watu ramani za nyumba hapa mjini. Ni mpole hadi anaudhi. Alikaa kwenye kigoda changu akangoja hasira zangu ziishe, kisha akaniambia hema hilo analitaka kwa ajili ya kuganduka, shughuli ya kumaliza msiba wa mama yake. Hapo nikaacha kukanyaga cherehani.

Mama yake, Joséline, nilimjua kabla sijamjua yeye. Kila mvua za kwanza zilipoanguka alitoka Kasekese na beseni la uyoga wa kichuguu, ule mkubwa wenye kofia pana, na kituo chake cha kwanza kilikuwa mlango wangu. Tulikuwa tukigombania bei ya fungu kama maadui, tukimaliza tunakunywa chai na kuwasema waume zetu. Nilimpenda yule mwanamke, sioni sababu ya kuzunguka. Alifariki mwaka jana mvua zikiwa zimekolea, wakamzika uani kwake.

Kwa Warundi msiba hauishi siku ya kuzika. Unaisha siku ya kuganduka, mwaka ukikaribia kutimia. Ndugu wanakusanyika hapohapo nyumbani, wanakaa mviringo kuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya mtama, wanapokezana mirija, kisha mwenye msiba anasimama na kutamka kwamba nyumba imetoka msibani. Asipotamka, nyumba bado imefungwa, na hakuna wa kuoa wala kuolewa ndani yake. Na Rosine alikuwa na mchumba. Nkwabi ni fundi pikipiki, kijana wa Kisukuma ambaye watu wake walihamia huku na ng'ombe wao, na watu hao walikwisha choka kusubiri. Walituma neno kwamba mahindi ya msimu huu yakiingia ndani bila jibu, watamtafutia kijana wao mke kwingine. Nkwabi aliapa hatakubali. Kuapa ni rahisi ukiwa bado hujakalishwa mbele ya baba zako.

Aliyetakiwa kutamka ni mzee Apollinarie, baba yake Rosine, naye hakutamka. Mara ya kwanza alisema watu wako shambani, wangoje. Mara ya pili alisema mdogo wake Didace ni mgonjwa, wakati Didace mwenyewe alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Mishamo kuja kupanga siku. Mara ya tatu akapata sababu iliyowashinda wote. Siku ya mazishi, jembe lilipoifungua ardhi ya ua wake, mzee alisema ardhi hiyo imefunguliwa mara moja na inatosha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuchimba hapo hata kidogo. Kichanja cha vyombo kilivunjika mguu na hakikusimikwa mwingine, sufuria zikawa zinaanikwa juu ya mawe. Sasa akasema: kuganduka ni hapa nyumbani, alipolala mwenyewe. Mvua zinanyesha, kwa hiyo wageni wanataka turubai. Turubai ni nguzo, na nguzo ni mashimo. Basi haiwezekani.

Didace alikasirika akataka waende tu na majembe, mzee atake asitake, akisema kaka yake anafuga msiba kama mtu anavyofuga mbuzi. Rosine ndiye aliyemzuia. Nilimwuliza kwa nini, maana mimi ningekuwa wa kwanza kushika jembe.

"Sitaki tumshinde baba," alisema. "Nataka asibaki na sababu."

Kisha akafungua kitenge alichokuja nacho na kuniwekea mezani uyoga mmoja wa kichuguu, kofia ikiangalia chini. Akaniuliza ni nani aliuchimbia shimo huu. Akaniambia uyoga hauna mfupa wala ubao, umesimama kwa sababu umejaa tu, na kinachobeba kofia yake ni yale mapazia membamba yanayotoka katikati kwenda ukingoni. Hema lake litakuwa hivyo: kofia ya uyoga ambao haujafunguka sawasawa, ukingo umeinama hadi chini, na ndani yake mbavu za kitambaa zilizojaa upepo. Nikamwambia uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu kuliko maneno yake, umezama ndani ya kichuguu hadi hujui unaishia wapi. Akacheka, na nikamwona mama yake katika kile kicheko. Nikakubali, Mungu anisamehe.

Sitasema tulifanya kazi kwa raha. Turubai la kawaida lilikuwa zito mno, upepo haukuweza kulinyanyua, ikabidi tutumie kitambaa chepesi cha nailoni, kinachoteleza chini ya sindano kama kambale. Nililaani kila ubavu. Rosine alichora kwa chaki sakafuni kwangu hadi wateja wakawa hawana pa kukanyaga. Nkwabi alitupatia feni ya kupuliza na jenereta, na kila jioni alipofunga kibanda chake alikuja kutuwekea mambo sawa, mikono imejaa grisi, nikimfukuza asiguse kitambaa.

Mara ya kwanza tulilijaribu kwenye uwanja wa mpira. Lilinyanyuka vizuri upande mmoja, upande wa pili likalala, likabaki hivyo likihema. Watoto walioacha mpira wao kuja kuangalia wakaliita kiboko wa Katuma, kama wale wa mtoni. Jina likaingia mtaani kabla sisi hatujakunja kitambaa, na kwa majuma mazima hapakuwa na mtu aliyepita mlangoni kwangu bila kuuliza hali ya kiboko. Niliwajibu wote, na majibu yangu siyarudii hapa.

Rosine hakujibu mtu. Alirudi kwenye uyoga wake. Alinunua mwingine sokoni, akaomba wembe wangu, akaukata katikati, akakaa nao dirishani hadi nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anahesabu mapazia. Akaniita nione: si yote yanayofika katikati. Kati ya mawili marefu kuna fupi, limeanzia ukingoni na kuishia njiani, na hilo fupi ndilo linaloshika ukingo usilegee. Sisi tulikuwa tumeshona marefu peke yake. Uyoga wa namna hiyo nimeupika maisha yangu yote na sijawahi kuugeuza na kuuangalia. Nikaongeza mbavu fupi.

Mara ya pili likasimama. Lilijaa polepole kutoka chini, ubavu baada ya ubavu, mikunjo ikajinyoosha yenyewe, na ukingo ukakaa imara juu ya miguu minne yenye milango katikati. Hapakuwa na shimo, wala kamba ya kigingi. Kulizuia lisipeperuke tulifunga madumu ya maji kila mguu. Niliingia ndani. Kitambaa kilikuwa cheupe kilichofifia, mwanga wa humo ulikuwa laini, na sauti za nje zilififia. Nikajikuta nimenyamaza. Rosine aliniuliza kama kuna kasoro, nikamwambia kasoro ipo moja, kwamba Joséline hayupo wa kuliona.

Kulikuwa na jambo moja la kulijua kuhusu hema hilo, na sisi watatu tulilijua. Kila tundu la sindano ni mlango wa upepo. Feni lazima ipulize muda wote. Ikizimwa, hema linaanza kushuka. Kwa hiyo Nkwabi alipewa kazi moja tu siku ya shughuli, kukaa na jenereta nyuma ya jiko na kuhakikisha haiishiwi mafuta.

Siku yenyewe tulifika Kasekese mapema, manyunyu yakidondoka. Watu waliporudi kutoka misa hema lilikuwa limesimama uani, mita chache kutoka kaburini. Mzee Apollinarie alitoka nyumbani akalizunguka lote, macho yako chini. Alikuwa anatafuta shimo. Alisukuma dumu moja kwa mguu aone chini yake kuna nini, akabonyeza ubavu kwa kidole, akaangalia ulivyorudi. Akaingia ndani kuvaa koti lake, na uso aliokuwa nao sikuupenda. Ni mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, na siku hiyo alionekana mdogo zaidi. Nilikuwa nimeshona kwa miezi ili kumfikisha pale, na nilipomwona amefika nikamhurumia.

Watu wa Nkwabi walikuja wengi, wametanguliwa na Ndaki, baba yake mkubwa aliyemlea. Ndaki ni mrefu hadi anainama kila mlango. Walikuja na fimbo zao, kama Wasukuma wanavyotembea, na fimbo zina ncha. Nilisimama mlangoni kama askari wa hifadhi nikamnyang'anya kila mmoja yake, nikaziweka zote chini ya mchaichai. Ndaki alinikabidhi fimbo yake kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. Akauliza kwa upole kama hema hili ni la kanisani.

Tukakaa mviringo. Mtungi ulikuwa mzito, na Didace akamwita Nkwabi aje aubebe, kwanza kwa sababu ana nguvu, pili kwa sababu ukoo ulitaka kumwangalia vizuri kijana anayemtaka binti yao. Nkwabi akajaza mafuta, akaiacha jenereta inanguruma, akaingia na mtungi. Wazee wakanywa, mirija ikapokezana. Kisha Didace akaomba utulivu, na mzee Apollinarie akasimama.

Alishukuru watu kwa kuja. Aliwashukuru walioimba kanisani. Sauti yake ilipotelea katika ule mngurumo wa jenereta, wa nyuma wakawa wanainamisha vichwa mbele wasikie. Akaanza kusema kwamba ameliona hema, na mtoto wake amejitahidi, ila mvua za mwaka huu zimekuja vibaya, na ndugu wengine walio mbali hawakuweza kufika, na huenda ingekuwa vizuri zaidi baada ya mavuno. Rosine aliinamisha kichwa. Nkwabi alikuwa bado amepiga magoti kando ya mtungi, akabaki hivyo. Mimi damu ilinichemka. Nilikuwa tayari kusimama katika msiba wa watu na kusema maneno ambayo yangenifungia Kasekese maisha yangu yote.

Ghafla mngurumo wa jenereta ukakatika, pakawa kimya kabisa.

Hapa kwetu mzee akisimama kusema msibani, kila kitu kinanyamaza. Redio zinazimwa, mashine ya kusaga ya jirani inasimamishwa, hata bodaboda akipita karibu anazima injini na kuisukuma pikipiki hadi avuke. Kila mtu anajua, hafundishwi mtu. Sisi hema letu tulikuwa tumelijaribu kwa mvua, kwa upepo na kwa watoto wa mpira, lakini kule uwanjani hakuna mzee aliyewahi kusimama akamtaja marehemu wake.

Juu yetu ukasikika mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi. Katikati ya kofia ikabonyea. Mbavu zikaanza kulegea, ndefu kwa fupi, na dari ikaja chini taratibu. Watoto walicheka, mama mmoja akavuta mwanawe. Mtu wa kwanza kuinua mikono alikuwa Nkwabi. Aliruka kutoka pale mtungini akaishika dari juu ya kichwa cha mzee. Nami nikainua, na Didace, na Wasukuma wote, na wazee wa Kirundi waliokuwa wakiwatazama kwa wasiwasi tangu asubuhi. Tungekuwa na fimbo zile ingekuwa rahisi. Zilikuwa chini ya mchaichai, na hakuna aliyenikumbusha, kwa bahati yao.

Rosine alikuwa amekwisha geuka kuelekea mlangoni kwenda kuwasha, na pale mlangoni akakutana na Ndaki, ambaye hatukuwa tumemwona akitoka, anaingia ameinama chini ya kitambaa kinachoshuka, anashangaa anachokiona.

Mzee Apollinarie akauliza ni nani amezima. Hakupaza sauti, na safari hii hata aliyekaa mwisho alimsikia.

"Mimi, mzee mwenzangu," akasema Ndaki. "Ulisimama. Nikaona mtu hawezi kusema habari za mke wake huku anashindana na mashine."

Mzee akamtazama. Sijui kama walikuwa wamewahi kuzungumza wawili hao zaidi ya salamu. Kwa mwaka mzima watu tulikuwa tukimwomba aseme, tukimsukuma, tukimtengea siku, mimi nimemshonea hema kabisa. Lakini aliyemnyamazishia kelele ili asikike alikuwa huyu mfugaji, ambaye hata hakujua hema linasimamishwa na kitu gani. Ndaki alipoelewa alichokifanya alianza kuomba radhi, akainua mikono yake mirefu akaishika dari kama sisi. Rosine akamwambia baba yake angoje kidogo tu, anawasha sasa hivi.

"Msiwashe," akasema mzee Apollinarie. "Mkiwasha nitapata sababu nyingine."

Kitambaa kilikuwa kimeshuka hadi wafupi wanakigusa kwa vichwa, na mikono yetu ilianza kuuma. Mzee alisimama katikati, chini ya viganja vya Nkwabi, akishika kiti kilicho mbele yake. Alianza kwa Kirundi, polepole, na hata mimi nisiyekijua nililisikia jina la mkewe. Kisha akaanza upya kwa Kiswahili, ili wageni waelewe.

"Joséline amekwenda," alisema. "Nilikuwa nasema kesho, kesho, kama vile yuko porini atarudi na beseni. Harudi. Mimi nimebaki, na mtoto wake amebaki. Nyumba hii imetoka msibani. Rosine, ukitaka kuolewa na huyu, olewa."

Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, na katika kupiga vigelegele mikono ikasahaulika. Hema likatushukia wote. Halikuumiza mtu, lilikuwa jepesi, lilitulalia tu vichwani na mabegani, kila mmoja amefunikwa kivyake katika weupe ule, humwoni jirani yako hata ukimgusa. Kulikuwa na kicheko upande wangu, na mtu alikuwa akitafuta kiatu.

Halafu tukamsikia. Mzee Apollinarie hakulia siku ya mazishi. Hakulia arobaini, hakulia mwaka mzima, na tulimsifu kwa hilo, wajinga sisi. Sasa alilia kwa sauti kubwa ambayo sikujua anayo, analia kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Vicheko vikakoma kimoja baada ya kingine. Nilimsikia Rosine akisogea chini ya kitambaa kumfuata, nikampapasa nikamshika kanga, nikamwambia amwache. Sina hakika kama nilifanya sawa. Nami nilikuwa nalia.

Tulikaa hivyo. Manyunyu yalikuwa yakigonga kitambaa juu yetu. Baadaye Nkwabi, aliyekuwa amebaki pale pale karibu na mzee, akauliza kwa sauti ya chini kama sasa akawashe.

"Bado," Ndaki akamjibu. "Mwenzangu hajamaliza."